Jina la Juweria: Maana Yake na Asili Yake

Miongoni mwa majina ya wakeze Mtume wetu Muhammad, Sala na Salamu za Mwenyezi Mungu zimshukie, yako yaliyojaa majumbani mwa Waislamu: Khadija, Aisha, Hafsa, Zainab. Juweria husikika mara chache kuliko hayo, na yuko anayesita kumwita mwanawe hivyo kwa ajili ya neno lililomo ndani yake.

Neno hilo ni jaria. Waarabu humwita jaria msichana mdogo, na mjakazi pia humwita jaria. Asili yake ni kwenda mbio, au kupita kama maji yapitavyo. Ndiyo maana safina ya Nabii Nuhu imeitwa jaria katika Suratul Haaqqa, na sadaka isiyokatika thawabu zake ikaitwa sadaka jaria. Neno likitiwa katika udogo, kama Hasan alivyofanywa Husein, huwa Juwairia, na ndimi za Waswahili zikalilainisha likawa Juweria. Wala kutia udogo si kudharau daima: mama asemaye "kitoto changu" hamdharau mwanawe.

Aliyelitukuza jina hili ni Bibi Juweria binti Harith, Mungu amridhie, ambaye baba yake alikuwa mkubwa wa Banu Mustalik, tumbo la Khuzaa. Katika vita vya Muraisii, mwaka wa 5 Hijria (wengine wasema wa 6), mumewe aliuawa, naye akatekwa pamoja na watu wake, akaangukia fungu la Thabit bin Qais. Binti wa mkubwa akawa mjakazi kwa siku moja! Akaandikiana na Thabit mkataba wa kujikomboa kwa mali, kisha akamwendea Mtume kuomba msaada. Mtume akamlipia, akamwoa. Masahaba waliposikia, waliona haiwi wakwe wa Mtume kukaa utumwani mikononi mwao. Wakawaacha huru watu wa nyumba mia. Bibi Aisha, ambaye hakuficha wivu wake alipouona uzuri wa mwanamke huyu, ndiye aliyeshuhudia kuwa hakumjua mwanamke aliyewaletea jamaa zake baraka kubwa kuliko yeye.

Lakini kwanza aliitwa Barra, maana yake mwema, mtiifu. Ibn Abbas amepokea, na imo katika Sahihi ya Muslim, kuwa Mtume alilibadili jina hilo kwa kuchukia isemwe kuwa ametoka kwa Barra, kana kwamba ameuacha wema. Zainab binti Jahsh na Zainab binti Abi Salama nao waliitwa Barra wakabadilishwa, kwa kuwa jina hilo lina kujisifu, na Mungu ndiye awajuaye walio wema. Basi jina la kujisifu liliondolewa, likawekwa ambalo hata mjakazi huitwa, na mwenye kulichukua ndiye aliyekuwa sababu ya nyumba mia kutoka utumwani. Anayelikimbia kwa kuogopa utumwa amesoma nusu ya habari.

Jina hilo lilikuwa na wengine pia, hata wanaume: Juweria bin Asmaa wa Basra, mpokezi wa Hadithi, alikufa mwaka wa 173 Hijria.

Bibi Juweria alifariki Madina mwaka wa 56 Hijria, na kwa kauli nyingine wa 50. Kwake imepokewa kuwa Mtume alitoka alfajiri akamwacha anapoabudia, akarudi jua limepanda, akamkuta angali ameketi pale pale akimtaja Mola wake.