Kuchemsha

Gari kuukuu lizimapo njiani wakati wa adhuhuri, abiria hunena kwa sauti moja kwamba limechemsha, na dereva, kwa kuwa neno limekwisha kutoa hukumu, hufungua boneti akatafuta maji. Ilhali rejeta yaweza kuwa imejaa, kipimo cha joto kimetulia mahali pake, na kilichochemka ni petroli. Katika magari ya kabureta petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba lipitalo karibu na injini, na pampu, iliyoundwa kuvuta kioevu, hushindwa kuuvuta mvuke huo. Aghalabu, hata hivyo, mkosaji ni koili, ambayo nyaya zake zipatapo moto huachana na zipoapo hugusana tena, hata fundi afikapo gari huwaka kwa utiifu wa kuudhi. Ndiyo maana fundi hodari huchomoa plagi palepale, kabla joto halijatoka, akatazama cheche: zikikosekana, huishuku koili au kondensa, zikiwapo, huifuata petroli. Naona heri tuseme gari limezima tu, na kuchemsha tuyaachie maji yafurikayo rejeta. Ama vijana wasemao mtu amechemsha, wakikusudia ameshindwa, hao siwagombezi.