Habari za Chama cha Sokol, na Sababu ya Wanachama Wake Kutokiacha



Halmashauri imenitaka niandike machache katika taarifa hii juu ya kikosi chetu cha mazoezi ya viungo, nami, kwa kuwa ndimi nitunzaye daftari la mahudhurio, sikuona njia ya kukwepa. Atakayelifungua daftari hilo ataona jambo lile lile kila mwaka. Kurasa za Januari zimejaa majina hata pembeni. Za Machi zina nafasi. Na mvua za masika zikishika, hubaki wale wale tuwajuao pamoja na mwalimu wao. Tumezoea kulaumu mvua, na kazi, na uvivu. Mimi mwenyewe nililaumu uvivu kwa maneno makali katika mkutano, hata mzee mmoja aliyekuwa ameacha kuja akasimama akaniuliza: "Karani, mwezi ule niliolala kwa homa, ni nani aliyekuja kunitazama?" Sikuwa na jibu. Mbele ya jina lake palikuwa na alama nne za kukosa, zilizofuatana, nilizozitia kwa mkono wangu; nami nilikuwa nimedhani ya kuwa kazi yangu imekwisha hapo.

Swali hilo ndilo lililonipeleka kusoma habari za chama kimoja cha viungo kilichoanza zamani sana huko Ulaya, na ambacho kingali hai hata leo. Nalitaka kujua waliwashikaje watu wao.

Chama hicho ni Sokol, cha Wacheki. Na neno sokol maana yake ni kozi, yule ndege wa mawindo. Kilianzishwa mjini Prague tarehe 16 Februari, 1862, wakati nchi ya Wacheki ilipokuwa chini ya dola ya Austria, na Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha ya wakubwa. Walioanzisha walikuwa watu wawili wasiofanana. Miroslav Tyrš alikuwa mwanachuoni wa falsafa, aliyefiwa na wazazi tangu utoto, asiye na mali. Jindřich Fügner alikuwa mfanya biashara wa bima, mwenye uwezo, aliyelelewa katika Kijerumani. Tyrš alileta elimu ya viungo, akawa mkuu wa mazoezi. Fügner alichaguliwa kuwa mwenyekiti, akaleta fedha. Lakini alileta na jambo jingine ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko fedha.

Lugha ya Kicheki ina namna mbili za kumwambia mtu "wewe": moja ya heshima, kwa wakubwa na wageni, na nyingine ya jamaa na rafiki. Ikawa desturi katika Sokol kwamba wanachama wote watumie ile ya jamaa, na kuitana ndugu. Tena wakawa na salamu yao moja, nguo zao, na bendera. Msanii Josef Mánes ndiye aliyezichora nguo na bendera hiyo. Shati lilikuwa jekundu. Watu wengine hucheka mambo ya nguo na salamu, wakisema ni michezo ya watoto. Lakini fikirini hali ya karani mdogo wa siku zile, ambaye mchana kutwa hakuna amwitaye kwa jina lake, kisha jioni aingia ukumbini na kuitwa ndugu na mwenye duka. Je, mtu huyo atakosa kurudi juma lijalo?

Ukumbi wenyewe ulijengwa kwa fedha za Fügner, ukafunguliwa mwaka wa 1863. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1865, Fügner alikufa. Kama chama kingalikuwa kimesimama juu ya mfuko wa tajiri mmoja, kingalianguka naye. Hakikuanguka, na sababu yake naiona katika mpango wa Tyrš. Hakuwaacha watu wakusanyike ukumbini kama kundi la kondoo, kila mtu akijinyoosha apendavyo. Aliwagawa katika vikosi vidogo, kila kikosi na kiongozi wake aliyetoka miongoni mwa wanachama, na viongozi nao walikuwa na mafundisho yao. Aliyekosa alionekana kuwa amekosa, kwa maana kikosi kilikuwa kidogo. Aliyejua zaidi alipewa wengine wa kufundisha, naye mwenye kufundisha si rahisi kulala nyumbani. Tyrš aliandika kitabu cha misingi ya mazoezi, akalipa kila zoezi jina la Kicheki, na mwaka wa 1871 akaanzisha gazeti la chama. Palikuwa na safari za miguu pia. Mwaka ule ule wa kwanza walikwenda mlima Říp, ambao Wacheki huuhesabu kuwa chimbuko la taifa lao.

Wasomaji wasidhani kwamba mambo yalikwenda kwa urahisi. Katika miaka ya 1870 chama kilipungukiwa nguvu. Wanawake nao hawakuwa na nafasi katika Sokol, hata mwaka wa 1869 wakajifanyia chama chao cha viungo mjini Prague. Naona lilikuwa kosa la wanaume, nalo kosa hilo halikubaki Prague tu.

Mwaka wa 1882, chama kilipotimiza miaka 20, Tyrš aliita mkutano mkuu ulioitwa slet, yaani kukusanyika kwa ndege. Watu wapatao 700 walifanya mazoezi pamoja katika kisiwa kimoja cha mto Vltava. Mikutano hiyo iliendelea kukua hata ikawa ya maelfu kwa maelfu, na hapa pana siri nzuri. Mazoezi ya siku hiyo yalitungwa mapema, yakapelekwa vijijini, na kila tawi likajifunza kwao kwa miezi mingi. Mtu wa kijiji cha mbali alijua kwamba ana nafasi yake katika mstari fulani, na asipofika patakuwa na pengo.

Serikali ya Austria ilikivunja chama mwaka wa 1915, wakati wa vita. Wajerumani wakakivunja tena mwaka wa 1941. Na baada ya mwaka wa 1948 serikali ya Kikomunisti ikakimeza. Mwaka wa 1990 kilifufuliwa. Katika miaka hiyo yote, Wacheki waliohamia Marekani, ambao walikuwa na Sokol yao mjini St. Louis tangu 1865, hawakuiacha.

Najua neno litakalosemwa. Wacheki walikuwa na taifa la kulidai. Sisi tuna matumbo ya kupunguza tu. Ni neno la haki, na mimi mwenyewe nililiwaza. Lakini hapa kwetu pwani, tangu mwisho wa karne ya 19, palikuwa na vyama vya beni. Huko Mombasa walishindana Kingi na Skochi, na Tanganyika wakashindana Marini na Arinoti. Vilikuwa na vyeo, na nguo, na gwaride. Atakayesema kwamba beni ni ngoma tu wala si mazoezi, hajapata kucheza mpaka usiku ukacha. Navyo havikudai taifa. Vilimpa mtu cheo chake na upande wa kuutetea, na akiugua au akifiwa, wenzake walikuja.

Simu tulizo nazo sasa zimerahisisha kuitana, na mwaka huu nimepeleka habari nyingi kwa njia hiyo. Lakini habari ipelekwayo kwa watu wote, kila mmoja huiona kuwa ya mwingine.

Kwa hiyo halmashauri imekubali kwamba kikosi chetu kigawanywe kwa mitaa, watu wasiozidi kumi katika kila fungu, wanawake na wanaume, na kila fungu lijichagulie kiongozi. Mtu akikosa mara mbili, kiongozi atakwenda nyumbani kwake, si kumkemea, bali kujua habari zake. Sehemu ya ada itawekwa kwa ajili ya wagonjwa. Kiasi chake kitaamuliwa katika mkutano mkuu, na mweka hazina ameniomba niseme kwamba hatakubali kiasi cha kufilisi mfuko.

Mzee yule aliyeniuliza amekubali kuliongoza fungu la mtaa wake. Daftari jipya lina safu moja zaidi baada ya ile ya alama, ya kuandikwa jina la aliyekwenda kumtazama mwenzake na siku aliyokwenda. Nimeipiga mistari yake mwenyewe, hata mwezi wa Desemba.