Gari-nyumba Lililotumika Kama Sadaka: Historia ya Desturi ya Kimarekani

Gari-nyumba ni gari lenye injini yake ambalo ndani yake mna kitanda, jiko, jokofu, choo na matangi ya maji, kiasi kwamba familia inaweza kukaa humo siku nyingi bila kupanga chumba popote. Nchini Marekani, ambako magari haya yaligeuka kuwa biashara kubwa, yamekuwa pia kitu cha kutolea sadaka. Mwenye gari akizeeka, akifiwa na mwenzake wa safari au akichoka kulipia maegesho, hulikabidhi kwa shirika la hisani pamoja na hati ya umiliki. Desturi hiyo imeongozwa na sheria za kodi kuliko kitu kingine chochote, na sheria hizo ziliona gari tu. Nyumba iliyomo ndani yake hazikuiona.

Hapo awali gari-nyumba lilikuwa anasa ya matajiri. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha jijini New York gari lake la Touring Landau, ambalo kiti chake cha nyuma kilikunjuliwa kikawa kitanda. Mwaka 1915 Roland Conklin, aliyekuwa na kampuni ya mabasi, aliisafirisha familia yake kutoka jimbo la New York hadi San Francisco kwa basi aliloligeuza makazi. Kwa miaka mingi baada ya hapo magari ya aina hii yaliundwa moja moja. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1966, pale kiwanda cha Winnebago katika mji mdogo wa Forest City, jimboni Iowa, kilipoanza kuyaunda kwa mfululizo na kuyauza kwa takriban nusu ya bei ya washindani wake. Wastaafu wa kipato cha kawaida wakayamudu, na Wamarekani wengi wakazoea kuliita Winnebago gari-nyumba lolote lile. Mgogoro wa mafuta wa 1973 uliitikisa biashara hiyo, lakini magari yaliyokwisha kuuzwa yalikuwepo bado, yakizeekea uani kwa watu na kwenye viwanja vya maegesho.

Mazoea ya kutoa vitu vilivyotumika yalikuwa yametangulia muda mrefu. Mwishoni mwa karne ya 19 Jeshi la Wokovu lilikuwa likikusanya nguo na samani nyumba kwa nyumba, London na kisha katika miji ya Marekani, na kuwapa kazi ya kuzitengeneza watu wasio na ajira. Mwaka 1902, mjini Boston, mchungaji wa Kimethodisti Edgar Helms alianzisha kazi iliyozaa shirika la Goodwill: magunia yalisambazwa kwa familia zenye uwezo, yakarudi yamejaa nguo na vyombo, na maskini wa mtaani wakalipwa ujira kuvikarabati kabla ya kuuzwa kwa bei nafuu. Katika mpango wa Helms kitu kilichotolewa kilimfaa mhitaji mara mbili, kwanza kama kazi, kisha kama bidhaa anayoimudu. Kipimo hicho ni kizuri kwa kila sadaka ya kitu kilichotumika, na magari mengi yaliyotolewa baadaye hayakukifikia.

Kodi iliingia mwaka 1917. Marekani ilikuwa imejiunga na Vita Kuu ya Kwanza, viwango vya kodi ya mapato vilipandishwa mno, na kukawa na hofu kwamba wenye fedha wangeacha kuvichangia vyuo, makanisa na hospitali. Bunge likaruhusu mtu aondoe kiasi alichokitoa kwa hisani katika mapato yanayotozwa kodi, mradi kisizidi asilimia 15 ya mapato hayo. Kadiri mfumo huo ulivyokua, mtoaji wa kitu badala ya fedha taslimu aliweza kudai thamani ya kitu hicho sokoni. Kwa gari lililotumika, thamani hiyo ilisomwa katika vitabu vya bei ambavyo wauza magari wenyewe walivitumia.

Miaka ya 1980 na 1990 mashirika ya hisani yalianza kuyatafuta magari hayo kwa matangazo. Vituo vya redio vya umma, makanisa, vyama vya wagonjwa na vya walemavu vyote viliingia. Kwa kawaida shirika lenyewe halikuligusa gari. Mtoaji alipiga simu, kampuni ya uwakala ikatuma gari la kuvuta, gari likapelekwa mnadani, na baada ya gharama za kuvuta, za mnada na za wakala kukatwa, kilichobaki kikaenda kwa shirika. Magari-nyumba, mashua na pikipiki yakafuata njia hiyo hiyo. Mtoaji alijaza fomu yake ya kodi kwa bei ya kitabuni, hata kama injini ilikuwa imekufa na paa linavuja.

Pengo kati ya bei ya kitabuni na fedha zilizofika lilianikwa Novemba 2003, katika ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani. Ripoti ilikadiria kwamba katika mwaka wa kodi wa 2000 walipakodi wapatao 733,000 walidai punguzo kwa magari waliyoyatoa, na kodi yao ikapungua kwa takriban dola milioni 654. Wakaguzi walifuatilia magari 54, moja baada ya jingine, kutoka kwa mtoaji hadi kwa mnunuzi. Kwa theluthi mbili ya magari hayo, shirika la hisani lilipata asilimia 5 au pungufu ya thamani ambayo mtoaji alikuwa ameidai. Hazina ilikuwa ikipoteza fedha nyingi ili mhitaji apate kidogo sana.

Jibu la Bunge lilikuja upesi. Sheria iliyotiwa saini Oktoba 2004 na kuanza kutumika Januari 2005 iligusa kila chombo kilichoundwa kutembea barabarani, pamoja na mashua na ndege. Tangu hapo, shirika likiuza gari kwa zaidi ya dola 500, mtoaji hawezi kudai zaidi ya bei halisi ya mauzo, na shirika lazima limwandikie hati inayoonyesha bei hiyo ndani ya siku 30 baada ya kuuza. Gari-nyumba ambalo bei yake ya kitabuni ni dola 15,000 likiuzwa mnadani dola 3,000, punguzo ni dola 3,000.

Sheria iliacha milango ya kudai thamani kamili ya sokoni. Mmoja ni pale shirika linapolitumia gari lenyewe kwa kazi yake kwa kiwango kikubwa kabla ya kuliuza. Mfano wa maofisa wa kodi ulikuwa gari linalopeleka chakula kwa wahitaji kila siku kwa mwaka mzima. Mwingine ni pale shirika linapolifanyia matengenezo makubwa yanayoliongezea thamani. Kusafisha, kupaka rangi na kunyoosha bodi havihesabiwi. Wa tatu ni kumpa au kumuuzia gari kwa bei ya chini sana mtu mwenye dhiki, na hapo maelezo ya utekelezaji yalimtaja mhitaji wa usafiri. Mtu aliyekosa pa kulala hakutajwa. Kwa gari dogo maelezo hayo yanatosha, lakini kwa gari-nyumba yanaacha nje sehemu kubwa ya kile linachoweza kumpa binadamu.

Mnada nao una upofu wa namna hiyo. Mnunuzi wa mnadani hutazama injini, matairi na hali ya paa, na kwa gari-nyumba kuukuu vyote vitatu humtia wasiwasi. Matairi huchakaa kwa umri hata kama gari limetembea kidogo, kwa hiyo yanayoonekana mapya yanaweza kupasuka safari ya kwanza. Maji yanayopenya kwenye maungio ya paa huozesha mbao za kuta kwa ndani, mahali pasipoonekana. Tena kulivunja ni ghali kuliko kuvunja gari la kawaida, kwa kuwa chuma chake cha kuuza ni kidogo na takataka za mbao, plastiki na povu ni nyingi. Ndiyo maana mashirika kadhaa hukataa magari-nyumba yaliyochakaa sana. Hiyo ni busara, maana sadaka inayomwachia mpokeaji gharama ya kuitupa ni mzigo aliohamishiwa mwingine.

Palipokuwa na mtu wa kuitumia nyumba iliyomo ndani, mambo yalikwenda tofauti. Kusini-magharibi mwa Virginia, katika mabonde ya milima ya Appalachia, mtawa Mkatoliki Bernadette Kenny alianza mwaka 1980 kuwafikia wagonjwa kwa gari dogo la Volkswagen. Huduma hiyo, Health Wagon, baadaye ilihamia katika gari kubwa, na kwa miaka mingi wauguzi wake walihudumu ndani ya Winnebago iliyochakaa kwa barabara za milimani. Nafasi iliyojengwa kwa meza ya chakula na kitanda ilitosha kumpima mgonjwa kwa faragha, na maji na umeme vilikuwemo tayari.

Makazi ya dharura yalikuwa na historia chungu zaidi. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, serikali kuu ilinunua trela na nyumba za kuhamishika zaidi ya 140,000 kwa waliopoteza makao. Wakazi wakaanza kulalamika macho kuwasha na kifua kubana, na vipimo vilivyotangazwa mwaka 2008 vilionyesha gesi ya formaldehidi ya kiwango cha juu, iliyotoka kwenye gundi na mbao za bei rahisi. Trela zilipouzwa baadaye kwa mnada zilibandikwa onyo kwamba zisitumiwe kama makazi. Hizo zilikuwa mpya. Formaldehidi hupungua kadiri kifaa kinavyozeeka, na hivyo gari-nyumba la miaka mingi lililotunzwa vizuri lina ubora ambao bei ya mnada haiuonyeshi.

Tarehe 8 Novemba 2018 moto uliteketeza mji wa Paradise, California. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yakaungua. Muda mfupi baadaye, wakati wa sikukuu ya Shukrani, Woody Faircloth wa Colorado aliendesha gari-nyumba lililotumika hadi California pamoja na binti yake mdogo, akalikabidhi kwa familia iliyounguliwa. Kutokana na safari hiyo lilizaliwa shirika la EmergencyRV, ambalo hupokea magari-nyumba na kuyapeleka kwa walionusurika moto, wakiwemo wazima moto waliopoteza nyumba zao wenyewe. Hapa gari halipiti mnadani. Familia inaliegesha kwenye kiwanja chake kilichoungua, watoto wanabaki karibu na shule, na ujenzi unasimamiwa na mwenye nyumba mwenyewe. Machi 2020, janga la UVIKO-19 lilipoanza, mke wa daktari mmoja wa Texas aliomba kuazimwa gari-nyumba ili mumewe asiambukize familia. Ombi hilo likazaa mtandao wa RVs 4 MDs, ambao wenye magari-nyumba waliutumia kuwaazima wahudumu wa afya magari yao bila malipo.

Kodi yenyewe imelegeza mkono wake. Sheria ya Desemba 2017 ilipandisha punguzo la jumla, ambalo mtu huchukua badala ya kuorodhesha sadaka zake, kwa mlipakodi asiye na mwenza kutoka dola 6,350 hadi dola 12,000, na walipakodi wanaoorodhesha sadaka zao wakashuka kutoka karibu watatu kati ya kumi hadi karibu mmoja. Kwa wasioorodhesha, kutoa gari-nyumba hakupunguzi tena senti ya kodi. Wakati huohuo viwanda, ambavyo vingi viko Elkhart, Indiana, na viunga vyake, vilitoa mwaka 2021 magari na trela za kuishi zaidi ya 600,000, idadi isiyowahi kufikiwa, na hayo ndiyo yatakayozeeka katika miongo ijayo.

Makabidhiano hayajabadilika sana. Matangi ya maji taka humwagwa mahali panaporuhusiwa, gesi hufungwa, paa hukaguliwa. Hati ya umiliki hutiwa saini kwa jina la shirika lenyewe, na mtoaji huiarifu idara ya magari ya jimbo kwamba si mwenye gari tena. California inataka taarifa hiyo ndani ya siku 5. Asiyeitoa huweza kutafutwa kwa faini za maegesho na ajali za gari alilokwisha kulitoa.