Herufi za Brashi

Sisi wachora mabango wa Dar es Salaam tulikuwepo kabla ya kompyuta. Ubao wa hadibodi ulipigwa rangi nyeupe mara mbili, ukaachwa ukauke; kisha uzi uliopakwa chaki ukavutwa, ukaachiwa, paa! Mstari umepatikana. Herufi zilichorwa kwa brashi bapa na rangi ya mafuta, mkono umeegemea kijiti usitetemeke. Herufi S ndiyo iliyomtenga fundi na mbabaishaji. Ubao na rangi za aina hiyo ndivyo vitu alivyotumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968, akauza picha zake eneo la Oysterbay, jijini humu. Siku hizi mteja anataka bango lililochapwa kwa mashine, tena jioni hiyohiyo. Bei nafuu, sikatai. Ila jua la Kariakoo likilififisha bango hilo, huanza na nyekundu yake.