Unene na Hofu katika Futuhi ya Josefina López

Tamthilia ya Josefina López, Real Women Have Curves, iliigizwa kwanza mwaka 1990 mjini San Francisco, Marekani. Mandhari yake ni karakana ya ushonaji mashariki ya Los Angeles, Septemba 1987. Mwaka uliotangulia, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwahalalisha baadhi ya wahamiaji wasio na vibali. Mwandishi, mzaliwa wa Mexico, alikuwa miongoni mwa walionufaika.

Wahusika ni wanawake watano. Rosali, ajinyimaye chakula na kumeza vidonge vya kukonda, anazirai kazini. Carmen, ajidhaniaye mjamzito, kumbe amekoma hedhi. Joto linapozidi wanavua nguo na kulinganisha minofu yao. Kuliona onyesho hili kuwa mzaha juu ya unene tu ni kulipunja. Magauni wanayoyashona hayawaingii, na mlangoni wanawahofu maafisa wa uhamiaji: hapo ndipo kicheko kinapochipuka.

Carmen humsimanga bintiye Ana kwa unene. Kiswahili, ambacho humwachia binadamu kunenepa na mnyama kunona, kingempa silaha kali zaidi: angesema Ana amenona.

Filamu ya mwaka 2002 iliweka uzito kwenye ugomvi wa mama na binti, hofu ya uhamiaji ikafifia. Kwa maoni yetu ilipoteza nusu ya ucheshi wake. Mchezo wa nyimbo ulioonyeshwa Broadway mwaka 2025 uliirudisha hadithi 1987, na maafisa wakarudi mlangoni.