Siri ya mteja na usalama wa mnyonge: Mpaka uko wapi?

MTU akiingia katika zahanati, afisi ya wakili au chumba cha mshauri nasaha, huwa na imani kwamba atakayoyasema hayatavuka kizingiti. Imani hiyo ndiyo humwezesha kueleza ugonjwa, aibu au hofu ambayo hata jamaa zake hawaijui. Lakini itakuwaje iwapo anachokisema ni kwamba hupigwa na mwanawe, hunyimwa chakula na mkaza mwana, au ardhi yake imeuzwa bila ridhaa yake, kisha akaomba habari hizo zisimfikie mtu mwingine yeyote?

Swali hili huwakabili wauguzi, matabibu, mawakili, washauri na wahudumu wa afya ya jamii kila mahali. Katika sehemu kama Mosocho, eneobunge la Kitutu Chache Kusini, Kaunti ya Kisii, lina uzito wa aina yake. Huko mashamba ni madogo, maboma yamepakana, na muuguzi, naibu wa chifu na mshukiwa huenda wakawa wa ukoo mmoja. Kunyamaza kunaweza kumwangamiza mnyonge. Kusema ovyo nako kunaweza kumwangamiza vilevile.

WANAOLINDWA

Watu wazima wanaozungumziwa hapa ni wale ambao umri, ulemavu, maradhi ya akili au kuwategemea wengine kwa chakula na matibabu kumewapunguzia uwezo wa kujikinga. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na watu wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu.

Dhuluma si kipigo pekee. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inataja pia mateso ya kingono, ya kisaikolojia na ya kiuchumi, pamoja na mjane kurithiwa kwa nguvu. Jamaa anayezichukua shilingi 2,000 ambazo mpango wa Inua Jamii humtengea kila mwezi mzee wa miaka 70 na zaidi, kisha asimnunulie hata unga, hawezi kujitetea kwamba hakumgusa.

Aghalabu mdhalimu ndiye mlezi. Ndiye anayempeleka mzee hospitalini, anayemjibia maswali ya daktari na anayeweka kadi yake ya benki. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza kwa mtaalamu yeyote ni kumsikiliza mteja akiwa peke yake, hata kama mlezi anadai kwamba mzee hasikii vyema au haelewi Kiswahili. Panapohitajika mkalimani wa Ekegusii, asiwe mmoja wa watu wa nyumbani.

MISINGI YA USIRI

Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda kila mtu dhidi ya kufichuliwa bila sababu kwa habari za familia yake au za faragha yake. Sehemu ya 11 ya Sheria ya Afya ya 2017 inasema kwamba habari za mgonjwa ni siri. Zinaweza kutolewa mgonjwa akikubali kwa maandishi, mahakama au sheria nyingine ikiagiza, au iwapo kuzificha kutahatarisha pakubwa afya ya umma.

Mawakili wamefungwa kwa kamba iliyokazwa zaidi. Sehemu ya 134 ya Sheria ya Ushahidi inamzuia wakili kufichua aliyoambiwa na mteja wake katika kazi yake bila idhini ya wazi ya mteja huyo. Sehemu inayofuata inawafunga vivyo hivyo wakalimani na makarani wake. Hata hivyo, kinga hiyo haiyafuniki mazungumzo yaliyofanywa kwa nia ya kutenda uhalifu, wala uhalifu au ulaghai ambao wakili ameushuhudia ukitendwa baada ya kuanza kumhudumia mteja. Kwa hivyo, mwana anayemwendea wakili ili wapange jinsi ya kumtilisha mama yake mgonjwa kidole kwenye hati ya kuuza shamba hawezi kujificha nyuma ya siri ya wakili na mteja.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo huwatisha wengi bila sababu. Wapo wanaodhani kwamba inakataza habari zozote kutolewa bila idhini. Sivyo. Sehemu ya 30 inaruhusu habari za mtu kutumiwa bila idhini yake panapokuwa na haja ya kuokoa maisha yake au ya mwingine, au kutimiza wajibu uliowekwa na sheria.

Kwa padri Mkatoliki hakuna mwanya. Kanuni za Kanisa za 1983 haziruhusu siri ya kitubio ivunjwe kwa sababu yoyote. Anachoweza ni kumhimiza muungamaji aende mwenyewe kwa wenye mamlaka.

SHERIA INAPOLAZIMISHA

Mosocho inajulikana hata Ujerumani kutokana na mradi wa kupambana na ukeketaji uliopewa jina lake pamoja na la mji wa Fulda wa nchi hiyo. Ukeketaji ndio mfano bora wa mahali ambapo sheria ya Kenya haimwachii mtaalamu hiari.

Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya 2011 inasema kwamba anayejua kosa hilo limetendwa, linatendwa au linakusudiwa kutendwa, kisha asiwaarifu maafisa wa usalama, naye ametenda kosa. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Sheria hiyo haibagui umri, na ridhaa ya aliyekeketwa si kinga kwa aliyemkeketa. Daktari mmoja alipoipinga akidai kwamba mwanamke mzima ana haki ya kujiamulia, Mahakama Kuu ilitupa kesi hiyo mnamo Machi 17, 2021.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika utafiti wa kitaifa wa 2014 kuhusu afya na idadi ya watu, uliobainisha kwamba asilimia 84 ya wanawake wa jamii ya Abagusii walikuwa wamekeketwa. Baadhi ya wahudumu wa afya wenyewe wamekuwa wakishika wembe kwa malipo. Muuguzi anayejua mwenzake anafanya hivyo hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ni siri ya mgonjwa.

Nje ya sheria za aina hiyo, Kenya haina sheria moja pana inayokusanya wajibu wote wa kuwalinda watu wazima wanyonge. Uingereza ina Sheria ya Matunzo ya 2014, ambayo kwa England inaitaka serikali ya mtaa kuchunguza inaposhuku kwamba mtu mzima anayehitaji matunzo anadhulumiwa. Nchini Marekani, karibu majimbo yote yanawalazimu wataalamu fulani kuripoti mateso ya wazee. Huko California, Mahakama ya Juu iliamua mnamo 1976, katika kesi ya Tarasoff, kwamba mtibabu wa akili ambaye mgonjwa wake ni tishio kubwa kwa mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu huyo. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini wazo lililo ndani yake limesambaa duniani: siri ina kikomo pale maisha ya mwingine yanapokuwa hatarini.

UVUMI UNAPOUA

Katika Kisii kuna hatari nyingine inayofanya usiri uwe suala la kufa na kupona. Mnamo Mei 2008, watu 11, wanawake wanane na wanaume watatu, wengi wao wakongwe, waliteketezwa kwa moto na umati uliowatuhumu kwa uchawi. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne waliuawa kwa tuhuma kama hizo huko Marani, eneo linalopakana na Kitutu Chache Kusini. Sheria ya Uchawi iliyotungwa mnamo 1925 inaharamisha kumtuhumu mtu kuwa mchawi, isipokuwa tuhuma hizo zikipelekwa kwa wenye mamlaka, lakini haijauzuia uvumi kugeuka hukumu.

Chukua mfano wa ajuza anayemweleza muuguzi kwamba wajukuu wameanza kumwita mchawi na kwamba mwanawe anataka ahame ili shamba ligawanywe. Muuguzi akilizungumzia jambo hilo sokoni, au akimwita mwana na kumkemea, huenda akawa ameharakisha msiba. Akinyamaza kabisa, huenda msiba ukaja vilevile. Njia iliyo salama ni nyembamba: habari ziwafikie wachache wanaoweza kumwokoa, kabla hazijawafikia wengi wanaoweza kumdhuru.

MTU MZIMA SI MTOTO

Kosa la kawaida ni kumchukulia mzee kama mtoto. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa kesi, hata wengine wakiona anakosea. Mama anaweza kukataa mwanawe asikamatwe kwa sababu ndiye tegemeo lake la pekee. Pengine hata kulitamka kosa lenyewe ni mzigo: miongoni mwa Abagusii, desturi ya chinsoni, yaani staha kati ya mzazi na mwana, hufanya mambo fulani yasitajwe kabisa. Kukataa huko kunapaswa kuheshimiwa, mradi mteja ameelezwa hatari na njia zilizopo, na hakuna aliyemtisha.

Hata hivyo, wataalamu wengi hukubaliana kwamba heshima hiyo ina mipaka minne: maisha yakiwa katika hatari ya karibu, mteja akiwa hana uwezo wa kuamua kwa sababu ya maradhi, wengine nao wakiwa hatarini, na sheria au mahakama ikiagiza. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa jambo lenyewe na kwa wakati wake. Aliyesahau tarehe ya leo anaweza kujua barabara ni nani aliyemchoma kwa ukuni.

HATUA ZA KUFUATA

Usiri unapaswa kuelezwa tangu mwanzo: mteja aambiwe mapema kwamba siri yake itatunzwa, na ni katika hali zipi haitaweza kutunzwa. Ahadi ya kutosema kamwe isitolewe. Akifichua dhuluma, aulizwe anataka nini kifanyike na ni nani anayemwamini.

Pili, aliyoyasema yaandikwe kwa maneno yake, pamoja na tarehe na majeraha yaliyoonekana. Daftari hilo lihifadhiwe mahali ambapo jamaa anayefanya kazi katika kituo hicho hatalisoma.

Tatu, mtaalamu ashauriane na mkubwa wake au chama chake cha kitaaluma bila kutaja jina la mteja, isipokuwa hatari ikiwa ya papo hapo.

Nne, ikibidi kusema, zisemwe habari zinazohitajika tu. Polisi wanaochunguza kipigo hawana haja ya kujua kama mama huyo anatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Ripoti inaweza kupelekwa kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi, kwa afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo, au kupitia nambari ya simu ya bure 1195 inayoshughulikia dhuluma za kijinsia. Aliyeripoti ahakikishe amepata nambari ya OB, na aliyejeruhiwa ajaziwe fomu ya P3. Ikiwa chifu au naibu wake ni wa ukoo wa mshukiwa, ni heri kuanzia kwingine. Mahakama nayo inaweza kutoa amri ya ulinzi, na ombi linaweza kuwasilishwa na mwingine kwa niaba ya asiyeweza kujitetea.

Tano, mteja ajulishwe kabla ya ripoti kutolewa, ila pale kumjulisha kutakapomzidishia hatari. Kisha iulizwe atalala wapi usiku huo, maana ripoti isiyoandamana na mahali pa usalama humrudisha mzee kwenye nyumba ileile na kwa mtu yuleyule, ambaye sasa ana hasira.

Mwishowe, siri ni mali ya mteja. Si ya hospitali inayohofia kushtakiwa, si ya familia inayohofia aibu, wala si ya mdhalimu. Kila anapofikiria kunyamaza au kusema, mtaalamu ana swali moja la kujiuliza: je, uamuzi huu unamlinda nani?