Allidina Visram: Muuza Duka, Baba na Kumbukumbu Yake Uganda

Katika historia ya Uganda tunayofundishwa, wafalme, wamisionari na magavana wana nafasi kubwa. Muuza duka hutajwa katika mstari mmoja au miwili, kisha hatumwoni tena mpaka mwaka 1972 anapofukuzwa. Insha hii inamkumbuka mmoja wao, Allidina Visram, ambaye baadhi ya waandishi wamemwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Je, mtu aliyeuza nguo, chumvi na sukari akumbukwe vipi, na nani hasa anayeitunza kumbukumbu yake?

Visram alizaliwa mwaka 1851 huko Kutch, magharibi mwa India, katika jamii ya Waismailia. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12, alifika Bagamoyo, akawa msaidizi wa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyezipatia bidhaa safari za kwenda bara. Kutoka pwani zilikwenda nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Kutoka bara zilikuja pembe za ndovu. Katika biashara ya namna hiyo mtu alikabidhi mali leo na kusubiri malipo miezi mingi. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, na kijana yule alikulia katika kazi ambayo daftari na uaminifu vilikuwa roho yake. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram aliendeleza biashara ya misafara.

Lakini zama za misafara zilikuwa zinakwisha. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Visram hakuisubiri reli. Alifungua maduka kando ya njia yake, na kabla haijafika ziwani tayari alikuwa na duka Kampala. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa na matawi zaidi ya 30, mengine mahali ambapo palikuwa na bati, mbao na ofisa mmoja tu wa serikali.

Ili kuelewa umuhimu wa maduka hayo, lazima tukumbuke Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Mkataba ule ulimtaka mwenye nyumba alipe kodi ya rupia 3 kwa mwaka. Mkulima alikuwa na ndizi, mbuzi na kauri, lakini hakuwa na rupia. Duka lilinunua ngozi, karanga, ufuta na pilipili, na baada ya mwaka 1904 pamba pia. Mkulima alipata rupia za kodi, na zilizobaki alinunulia nguo au chumvi palepale. Kwa hiyo muuza duka alikuwa msaada kwa mkulima na wakati huohuo njia ambayo uchumi wa kikoloni ulimfikia kijijini. Sidhani tunaweza kuchagua upande mmoja na kuuacha mwingine.

Biashara hii ilisimama juu ya ukoo. Vijana waliletwa kutoka India, wengi wao ndugu au watu wa dini moja. Walifanya kazi dukani kwa miaka kadhaa, kisha wakapewa bidhaa kwa mkopo ili wafungue maduka yao. Atakayevunja ahadi aliaibisha familia yake pia, na aibu hiyo ilikuwa dhamana kuliko karatasi. Ukarimu wa Visram lakini haukuishia kwa watu wake. Ingawa alikuwa Mwislamu, alichangia ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe.

Alifariki mwaka 1916, baada ya kupata homa katika safari ya kibiashara Kongo. Alikuwa na umri wa miaka 65, na bado alikuwa safarini. Mwanawe, Abdulrasul, alirithi kazi. Yeye alifariki mwaka 1923, na baada ya hapo ile biashara kubwa ikaporomoka. Kilichosalia ni kile ambacho mtoto alikijenga kwa ajili ya baba: shule ya Mombasa inayoitwa Allidina Visram hadi leo. Mombasa pia kuna sanamu yake. Maduka yalikwisha ndani ya miaka michache, ila heshima ya mtoto kwa baba imedumu hadi leo.

Hapa Uganda mambo yalikwenda tofauti. Waafrika walizuiwa kuingia katika uchambuaji na uuzaji wa pamba, na mwaka 1949 wakulima wa Buganda waliandamana wakidai haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Mwaka 1959 maduka ya wasio Waafrika yalisusiwa. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Malalamiko ya wakulima yalikuwa na msingi, lakini kuwafukuza watu kwa sababu ya asili yao hakukuyajibu. Tukimsoma Visram kwa kuanzia mwaka 1972, tunamhukumu kwa mambo yaliyotokea miaka mingi baada ya kifo chake. Tukiishia kwenye sifa walizompa maofisa wa kikoloni, tunawasahau wapagazi waliobeba mizigo yake na wakulima waliomuuzia mazao, ambao majina yao hayakuandikwa.

Ushahidi wa watu hao hata hivyo upo, na sisi tunaosoma Kiswahili tunaweza kuuona. Duka kwa Luganda ni edduuka. Sabuni ni sabbuuni, sukari ni ssukaali, shuka ni essuuka. Maneno haya hayakuletwa na Visram peke yake, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani walifika Buganda tangu miaka ya 1840. Ila yeye na waliomfuata waliyapa nyumba katika kila mji mdogo. Bibi aliyekwenda kununua chumvi hakujali neno lilitoka Uarabuni, India au Unguja. Alilitamka kwa lafudhi yake, akarudi nalo nyumbani, na watoto wake wakalichukua kama lao.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kumbukumbu ya haki zaidi ya muuza duka. Sanamu ilisimamishwa na waliompenda, na ripoti ziliandikwa na waliomhitaji. Maneno yalihifadhiwa na wateja, bila mtu kuwaamuru, na waliendelea kuyatumia hata baada ya mwaka 1972, maduka yalipobadili wenyewe.